Maua Tuliyoyakuta Lubaga

Lubaga, Kampala
9 Desemba 1972

Kwako Shangazi Rukiah,

Salaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa hapo Kibos, na kwamba kifua chako kimepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Mama yuko Bombo, miguu bado inamsumbua lakini ulimi haujambo, anakusalimu na anauliza kwa nini hukuja Idi. Faruk ameng'oka meno ya mbele na mdogo wake ameanza kusimama kwa kushika kiti. Dawudi amepandishwa cheo, sasa ni sajini, na kazi zimemzidi.

Habari kubwa ni kwamba tumehama. Tumetoka kwenye laini za askari, tumepewa nyumba huku Lubaga, chini kidogo ya kanisa kuu. Ina vyumba vinne na bomba la maji ndani ya jiko. Nyuma kuna kibanda cha mianzi kilichoezekwa nusunusu, ndani kuna giza kidogo na ubaridi, na humo nimekuta maua ambayo sijapata kuyaona popote ila kwako. Ni yale yenye jani moja jekundu linalong'aa kama limepakwa mafuta, na ulimi wa njano katikati. Wewe huyaita anthuriamu. Yamejaa vyungu na madebe, mekundu, ya rangi ya waridi, na meupe machache. Lakini yamekaa muda mrefu bila mtu. Mengine yana madoa meusi, na mashina yamerefuka yakainama nje ya vyungu kama watu wanaochungulia dirishani. Niliyatoa nje yapate jua, yakaungua. Nikayamwagia maji asubuhi na jioni, baadhi yakaoza.

Niandikie la kufanya. Sijui kwa nini yananishughulisha hivi. Nyumba nzima inahitaji kupangwa, lakini nikiamka miguu inanipeleka kule kwanza.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Zubaida


Kibos, Kisumu
14 Januari 1973

Mwanangu Zubaida,

Waaleikum salaam. Barua yako imechukua mwezi mzima kufika hapa, na ukizingatia kwamba Kisumu na Kampala ni mwendo wa siku moja kwa lori, nadhani ilikuwa na mambo ya kufanya njiani. Ilifika imefunguliwa na kugundishwa tena vibaya. Kifua changu kiko vilevile. Mwambie mama yako sikuja Idi kwa sababu kila anayetoka huko ananiambia nisije.

Sasa maua. Yarudishe kivulini leo hii. Anthuriamu ni mmea wa chini ya miti mikubwa, unataka mwanga lakini hautaki jua liuguse usoni. Pili, umeyaweka kwenye udongo mzito, ndiyo maana yanaoza. Mizizi yake minene hiyo inataka kupumua. Vunja mkaa vipande vya ukubwa wa kidole gumba, chukua maganda ya kahawa yaliyokwisha kuoza, changanya na chenga za matofali, panda humo. Maji yapite, yasituame. Ukishamwagilia asubuhi, usirudi mpaka ukitia kidole uone kumekauka juu. Badala yake mwaga maji sakafuni, hewa ya kibanda iwe na unyevu. Jani lenye doa jeusi likate, na kisu ukipitishe motoni kabla ya kugusa mmea mwingine, la sivyo utaueneza ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe ukidhani unatibu.

Hayo ndiyo uliyoniuliza. Na mimi nina maswali yangu.

Unasema mmepewa nyumba. Mtu aliyepanda maua yale na kuyajengea kibanda, aliwapa yeye?

Halafu nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta jina la Ajok. Miaka yote mliyokaa ukuta kwa ukuta kule laini, hukupata kuniandikia bila kumtaja. Ajok kajifungua mtoto wa pili, Ajok kakuletea simsim ya kusaga kutoka kwao Kitgum, mume wake Ongom na Dawudi wamekwenda kuvua samaki Port Bell wakarudi na jua tu kichwani. Safari hii kimya. Yuko wapi?

Shangazi yako,
Rukiah


Lubaga, Kampala
25 Februari 1973

Kwako Shangazi Rukiah,

Salaam aleikum na pole kwa kifua. Nimemtumia Mama dawa ya kuchua. Sukari imekuwa adimu huku, sabuni pia, lakini tunashukuru. Dawudi anakusalimu.

Nimefanya kama ulivyosema. Maganda ya kahawa niliyapata kwa watu wa kinu, na mkaa niliuvunja mwenyewe mpaka mikono ikawa kama ya muuza makaa. Niliyapanda yote upya. Kwa wiki mbili hayakuonyesha shukrani yoyote. Sasa moja la rangi ya waridi limetoa jani jipya, jembamba na jekundu-kahawia, laini kama sikio la mtoto. Nilikaa nikiliangalia mpaka uji ukaungua.

Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja wa Kihindi, mjane, Shirinbai. Aliondoka pale Wahindi wote walipoambiwa waondoke nchini.

Ajok amehamia Kasubi, amepanga chumba. Ongom yuko safarini.

Dawudi anarudi amechoka. Analiosha gari la kazi mwenyewe, hataki mtu amsaidie.

Mvua zimekaribia. Je, niyafunike?

Zubaida


Kibos, Kisumu
18 Machi 1973

Mwanangu Zubaida,

Salaam kwako na kwa watoto. Hapa sote wazima, na binti yangu mdogo ameposwa na kijana wa reli, mtulivu, hana maneno mengi, ataweza.

Barua hii haikupita posta. Aliyekuletea ni Jafar, mume wa binti yangu mkubwa, anayeendesha lori la chumvi kuja Kampala. Ni mtu wa kuaminika. Huwa halisomi hata gazeti. Atapita kwako tena kabla ya kurudi, nawe umpe jibu mkononi mwake.

Kuhusu mvua: usiyafunike kabisa, yataugua kwa kukosa hewa. Punguza tu makuti upande wa mashariki, ongeza juu. Na mashina yaliyorefuka usiyaonee huruma. Kata kichwa pamoja na mizizi inayoning'inia hewani, ukipande peke yake. Kisiki kitatoa machipukizi ya ubavuni, na kila chipukizi likishapata mizizi yake litengane na mama.

Sasa niandikie kama mtu anayeongea na shangazi yake. Nimeolewa na askari, nimezaliwa na askari, babu yako na baba wa babu yako walikuwa askari. Mtu akisema mwenzake yuko safarini na asiseme amekwenda wapi, najua safari hiyo. Unachonificha ni kipi kati ya viwili: yaliyompata Ongom, au alikokuwa Dawudi siku hiyo?

Rukiah


Lubaga, Kampala
2 Aprili 1973

Kwako Shangazi Rukiah,

Salaam aleikum. Mama mzima. Watoto wazima. Jafar ananisubiri anakunywa chai, nitaandika haraka kabla sijabadili mawazo.

Ongom alichukuliwa mwezi wa Septemba, wiki ile ya vita vya mpakani. Waliitwa gwaride, majina yakasomwa, yote ya Kiacholi na Kilango, wakaambiwa wapande lori. Hajarudi hata mmoja. Ajok alikwenda kuuliza kila mahali palipo na mlango. Mahali pengine walimwambia mume wake ametoroka jeshini, pengine wakamwambia hawamjui mtu wa jina hilo, na huku alikuwa amelitumikia jeshi hilo tangu enzi za Mwingereza. Kabla ya mwezi kwisha walimtoa katika kota na wasichana wake, Lamunu na Alal. Mimi nilisimama mlangoni nikamwona anafunga godoro. Nilimsaidia kufunga kamba. Baadaye kidogo nasi tukapewa nyumba hii.

Alikuja hapa mwanzoni mwa Februari, siku chache baada ya barua yako ya kwanza kufika. Nilikuwa kwenye kibanda nikivunja mkaa. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akanitazama, akasema, "Mkaa hiyo kubwa sana. Nipe hiyo nyundo." Tangu siku hiyo anakuja kila asubuhi, tunafanya kazi pamoja. Wake za maofisa wakisikia harusi wanatuma mtu kununua maua, na pesa zote nampa yeye. Watu wakiuliza, nasema ni mwanamke wa kazi. Mwanamke aliyenikanda mgongo nilipokuwa nazaa Faruk.

Ulichouliza juu ya Dawudi, sijui. Hiyo ndiyo kweli, Shangazi, sijui. Siku ile hakulala nyumbani wala siku iliyofuata. Aliporudi, alikaa kwenye ndoo uani akaosha gari la kazi mpaka ndani. Baada ya hapo alihamishiwa kitengo kingine na akapewa cheo. Nilimwuliza mara moja. Aliniambia, "Zubaida, hiyo neno usirudie tena." Ajok akiwapo, yeye hupitia mlango wa mbele. Siku moja walikutana uso kwa uso pale bombani. Ajok alimsalimu kama zamani, "Jambo, shemeji." Dawudi aliitika, akaingia chumbani, na chakula chake kikapoa mezani.

Sasa kuna hili jingine. Wiki iliyopita wanaume wawili walikwenda Kasubi wakauliza chumba cha mke wa Ongom kiko wapi. Mwenye nyumba aliwaambia amerudi kwao Kitgum. Tangu siku hiyo Ajok na watoto wanalala kwenye stoo yangu, ile nyuma ya kibanda cha maua. Dawudi anawasikia watoto wakikohoa na hasemi kitu. Sijui kimya chake ni cha namna gani, na naogopa kukijua.

Unaweza kuwapokea?

Z.


Kibos, Kisumu
29 Aprili 1973

Mwanangu,

Walete. Wala hukuwa na haja ya kuweka alama ya kuuliza.

Jafar ataanza safari ya kurudi katikati ya mwezi wa Mei. Ajok apande kama mchuuzi wa maua anayemletea mteja Kisumu, nami ndiye mteja. Kwa hiyo maua yawepo kweli, na yawe mengi, na ajue kuyazungumzia akiulizwa. Myafungashe vizuri. Siku moja kabla ya safari msiyamwagilie, chungu chenye maji kinavunja mizizi barabarani. Kila mmea uzungushieni maganda ya migomba yaliyoloweshwa, ua lenyewe likunjieni gazeti, wima, yasiegemeane. Juu gunia bichi. Jafar asiyaweke karibu na injini.

Watoto wasivae sare ya shule.

Kuhusu Dawudi. Umesema hujui. Nimekusikia, sitakugombeza. Lakini mwanamke mwenye akili kama yako, kutojua kunamgharimu kazi kila siku, na utachoka.

Tumechinja kuku kwa ajili ya posa. Mungu akiwapa salama, mtakuja harusini.

Rukiah


Lubaga, Kampala
19 Mei 1973

Kwako Shangazi Rukiah,

Barua hii inakuja pamoja nao. Salaam zangu nyingi. Mkumbushe Jafar ale, hajala kitu tangu jana kwa wasiwasi.

Nakuandikia jambo lililotokea leo alasiri, ili ulijue hata kama yeye hatalisema.

Tulikuwa uani tunafungasha. Ajok alikuwa amechagua mimea mwenyewe, mizuri mizuri, yale mekundu makubwa na meupe yote. Alal alikuwa anatupatia magazeti, Lamunu analowesha magunia. Mara Dawudi akarudi, mapema kuliko kawaida yake, na sote tukabaki vilevile na vitu mikononi. Akatuangalia. Akakaa kwenye ngazi ya jiko akaanza kufungua kamba za viatu. Alifungua kiatu kimoja, akakivua, akakiweka chini.

Akasema, hata hakuinua kichwa, "Hiyo gari napita wapi?"

Nilimjibu, "Busia."

Akafungua kiatu cha pili.

"Busia hapana," akasema. "Hii wiki Busia iko watu mpya. Wapite Malaba. Wafike asubuhi, wakati watu ya treni iko mingi."

Akaingia ndani na soksi zake. Baadaye, tulipoanza kupakia, akatoka akachukua debe moja zito akalipeleka mpaka kwenye lori. Ajok alilipokea mikononi mwake. Hakumtazama na hakushukuru. Dawudi alisimama kidogo, mikono bado imekaa kama iliyoshika debe, halafu akarudi ndani.

Nilipomuaga Ajok alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Aliniambia, "Ile ya waridi usiweke maji mingi." Hicho tu. Nami nikasema sawa.

Nijulishe wakifika. Kwa posta, maneno machache.

Zubaida


Kibos, Kisumu
4 Juni 1973

Mwanangu Zubaida,

Salaam. Mzigo wa maua umefika wote, salama, hata majani hayakuvunjika. Barabara ya Malaba ni ndefu lakini nzuri. Mkubwa alikuwa amechoka, wadogo walikula vizuri. Nimewapa kivuli upande wa kisima.

Harusi ni Agosti.

Rukiah


Kibos, Kisumu
26 Agosti 1973

Mwanangu Zubaida,

Jafar ndiye mletaji. Asante kwa vitambaa, bibi harusi amevivaa siku zote mbili. Ulikosekana. Mama yako pia aliuliziwa na kila mtu. Mvua ilinyesha wakati wa chakula na hakuna aliyeondoka.

Ajok anaendelea. Anauza maua stesheni, na Waacholi wa reli wamemtambua, siku za Jumapili wanamchukua kanisani kwao. Lamunu na Alal wameingia shule. Kiswahili cha Alal sasa kinanishinda mimi.

Lakini kuna jambo, na ameniomba nikuandikie kwa maneno yake, bila kuyapunguza. Tulikuwa tunatenganisha machipukizi. Alikuwa na kisu mkononi. Akasema:

"Mama Rukiah, hawa watoto naniuliza kila siku, baba atakuja hapa ama atakuja Kampala? Watu ya kwetu hapa naniuliza, tulie ama tungoje? Mimi sijui niseme nini. Mwaka nakaribia kuisha. Dawudi anajua. Mimi naliona macho yake pale bombani, anajua. Andikia Zubaida. Mimi sitaki pesa, sitaki pole. Nataka siku tu. Siku gani."

Nimeandika kama alivyosema. Sina la kuongeza. Najua ninakutuma wapi.

Rukiah


Lubaga, Kampala
14 Oktoba 1973

Kwako Shangazi Rukiah, na kwa Ajok,

Salaam aleikum. Nisameheni kuchelewa. Jafar alipita mwezi uliopita nikamwambia sina barua. Mama mzima. Watoto wazima. Ni Ramadhani, nami nimefunga, kwa hiyo sitaandika kitu nisichokuwa na hakika nacho.

Nilimwuliza Dawudi Ijumaa aliporudi msikitini. Nilikuwa kibandani, yeye akapita kuelekea gari. Nilimwita aje ashike shina nikate, na akaja, akashika. Nikamwambia, "Ajok anauliza siku."

Alisema hajui. Nikaendelea kukata. Alisema yeye ni mtu wa kuamriwa. Nikamwambia sikuuliza nani aliamuru, nimeuliza siku. Alisema nikilijua hilo nitamwangalia vibaya. Nikamwambia, "Tazama ninavyokuangalia sasa."

Akakaa chini kwenye mkaa na kanzu yake nyeupe.

Haya ndiyo aliyosema. Walichukuliwa Alhamisi. Waliwekwa mahali hadi Jumamosi. Jumamosi asubuhi, tarehe 23 Septemba 1972, walipelekwa kwenye msitu ulio njia ya Jinja. Dawudi ndiye aliyeendesha lori. Anasema kule msituni hakushuka na hakushika bunduki. Anasema Ongom alikuwa nyuma karibu na kidirisha cha dereva, akamwona, wakatambuana. Kabla ya kuondoka Dawudi alipanda nyuma kufunga turubai, na Ongom akamwambia, "Dawudi, hii kamba nabana sana." Dawudi akailegeza. Ongom akasema, "Asante."

Nikauliza alisema nini tena. Akasema, "Hiyo tu. Aliniambia asante, kama mimi nimempa chai."

Halafu Dawudi akalia. Sijapata kumwona akilia, hata baba yake alipofariki. Sikumgusa. Ajok, nataka ulijue hilo, ingawa silisemi nipate sifa kwako.

Kwa hiyo msingoje tena. Lieni.

Nilimwambia Dawudi ninakwenda Bombo kwa Mama pamoja na watoto. Hakunizuia. Aliuliza tu nani atamwagilia maua. Nilimwambia kwamba kisu kipo na maji yapo bombani. Tunaondoka kesho. Baada ya hapo sijui. Nyumba si yangu, na siwezi kuendelea kuipiga deki kana kwamba ni yangu.

Zubaida


Kibos, Kisumu
11 Novemba 1973

Mwanangu Zubaida,

Waaleikum salaam. Jafar atakuletea hii Bombo. Mpe pole mama yako kwa miguu, mwambie ninakuja, safari hii wasinitishe.

Nilimsomea Ajok barua yako uani, mchana, watoto wakiwa shuleni. Niliisoma polepole. Nilipofika pale Ongom anaposema asante, alininyooshea mkono nisite. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akacheka, Zubaida, kicheko kidogo tu, akasema, "Huyo ndiyo Ongom. Hata mbwa akimpisha njia anasema asante." Kisha akajifunika uso na kanga na nikamwacha.

Jioni aliwaita wasichana akawaambia kwa lugha yao. Maneno sikuyaelewa. Lamunu alilia kwa sauti. Alal alimtazama dada yake kwanza, kama anayetaka kujua kinachofanywa, halafu naye akalia. Watu wa reli walikuja wakakaa naye usiku na mchana mpaka matanga yakaisha, wakaimba, nami nikapika. Tarehe uliyoandika imesomwa kanisani pamoja na jina lake, la kwao na la ubatizo.

Sikumuuliza kama amekusamehe, na wewe usiulize. Ila chumba cha pili nimekipaka chokaa, na yeye ndiye aliyeniambia nikipake, kwa sababu watoto wako hawajazoea kulala wengi. Njoo ukiwa tayari.

Jana nilimwuliza kama ana neno la kukupelekea. Alifikiri wakati wote tulipokuwa tunapanda safu moja nzima ya vyungu. Halafu akasema:

"Mwambia Zubaida, nimesikia. Na mwambia Dawudi, watoto ya Ongom itakuwa wakubwa. Watakuja kumtafuta. Asikimbie, asikufe. Awapeleke kwa hiyo msitu, awaonyeshe ni wapi."

Shangazi yako,
Rukiah